Tusikate Utepe Kabla ya Kuhesabu Mabasi

Yafaa tukumbushane, ndugu wasomaji, jambo ambalo mkazi wa Dar es Salaam hahitaji kuambiwa na mgeni: jiji hili haliwezi kuachia soko peke yake kazi ya kupanga usafiri. Tumekwisha kulijaribu hilo. Mwaka 1983, mabasi ya UDA, shirika la umma la usafiri jijini, yalipozidiwa na watu, Serikali iliruhusu magari ya watu binafsi, na daladala zikatuokoa. Asiyezishukuru ni mwizi wa fadhila. Lakini daladala huenda palipo na abiria, hungoja mpaka ijae, na jioni ikiona foleni hukatisha safari. Haidaiwi kujua jiji litakuwa limefika wapi baada ya miaka ishirini. Anayedaiwa hilo ni Serikali, na wale wanaoitaka ikae kando watuambie ni mwenye daladala gani atakayejenga daraja la Jangwani.

Ndiyo maana mpango wa mabasi yaendayo haraka ulistahili kuungwa mkono, na bado unastahili. Awamu ya kwanza, kutoka Kimara hadi Kivukoni pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani, kilomita 21 hivi, ilianza kubeba abiria Mei 2016. Waliozoea kudamka alfajiri wakawahi Posta kwa jasho waliuona unafuu wake mara moja.

Lawama yangu ni kwamba Serikali imepanga zege kuliko ilivyopanga safari. Njia ikimwagwa na vituo vikiezekwa, kazi huhesabiwa kuwa imekwisha, ilhali kwa abiria ndiyo kwanza inaanza. Awamu ile ya kwanza ilikusudiwa kuwa na mabasi zaidi ya 300. Ilianza na 140 hivi, tena kwa huduma iliyoitwa ya mpito. Mpito huo ukageuka mazoea. Abiria wakaongezeka, mabasi yakachakaa, na vituoni watu wakarudia kusukumana kule kule walikodhani wamekuacha.

Halafu karakana. Iliwekwa Jangwani, katika bonde la Mto Msimbazi, mahali ambapo maji yamekuwa yakipita tangu kabla ya jiji. Mvua zikanyesha, mabasi yakazama yakiwa bado mapya, na huduma ikasimama si mara moja. Sidhani kwamba ramani zilikosekana. Mzee yeyote wa Magomeni angewaonya juu ya maji hayo bila kudai posho.

Mbagala nako hakukunusurika. Njia ya Barabara ya Kilwa ilijengwa ikakamilika, kisha ikakaa muda mrefu bila mabasi, huku watu wa Rangi Tatu wakigombania daladala hadi kupandia madirishani, pembeni kabisa mwa njia tupu waliyokatazwa kuitumia. Mabasi yakaja mwaka 2025. Fedha za mkopo, ambazo wajukuu wetu watazilipa, zililala juani muda wote huo.

Si haki kujibu kwamba mwendeshaji hakupatikana. Kumtafuta mwendeshaji ni sehemu ya mpango kama ilivyo kupima udongo, na mkataba wake ungeweza kusainiwa mkandarasi akiwa bado anachimba. Wenye daladala nao wasifukuzwe tu kwenye barabara kuu. Wapewe ruti za kuleta abiria kutoka Mbezi, Goba na Chamazi, kwa mikataba inayolinda mitaji yao, maana abiria wengi hawaishi kando ya lami. Na idadi ya mabasi yanayotoka karakanani kila asubuhi itangazwe hadharani, ili mwananchi aache kubahatisha.

Njia za Gongo la Mboto na Tegeta zimo katika mpango huo huo. Basi wapiga kura, msiridhike kuonyeshwa picha za vituo. Kwenye mikutano ya mitaa waulizeni madiwani na wabunge wenu: mabasi ni mangapi, mwendeshaji ni nani, na usiku yatalazwa wapi?