KISIMA KILIKUWA CHA NANI? MJI WA JANGWANI NA UHAKIKI WA MAHUBIRI

Utangulizi

Kwa muda mrefu uhakiki wa fasihi katika vyuo vyetu umezoea kuimaliza kazi yake mahali ambapo ingepasa kuianza. Mwanafunzi anaposoma hadithi ya mji uliostawi kisha ukaangamia, huulizwa swali moja tu: hadithi hii ina funzo gani? Naye hujibu, kama walivyojibu waliomtangulia, kwamba majivuno hayafai, kwamba dunia ni mapito, na kwamba mpanda ngazi hushuka. Jibu hutiwa alama ya vyema, daftari hufungwa, na mji huzikwa mara ya pili.

Makala haya yanapinga mazoea hayo. Tunadai kwamba mji wa kubuni wa jangwani, ule wa misafara ya ngamia, ubani na dhahabu, haueleweki mpaka msomaji aulize maswali ya mchungaji na ya mfanyabiashara: kisima kilikuwa cha nani, maji yalichotwa na nani, na njia ya msafara ilihama kwa sababu gani? Mhakiki anayeyaruka maswali haya na kulikimbilia funzo, huyo anahubiri. Mahubiri yana mahali pake na watu wake. Uhakiki nao una kazi yake.

Ni haki nianze kwa kujishtaki mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilisahihisha insha ya mwanafunzi aliyekulia kaskazini mwa Kenya, penye ngamia na visima virefu. Mada ilikuwa anguko la mji wa Iram katika Alfu Lela Ulela. Kuhusu majivuno ya mfalme aliandika sentensi mbili. Kurasa zilizobaki alizitumia kuuliza mji mkubwa kiasi hicho ulipata maji wapi, wanyama wa wajenzi walinyweshewa wapi, na wajenzi wenyewe walilipwa nini. Pembezoni nilimwandikia kwamba ametoka nje ya mada, nikamkata alama. Leo naamini kwamba katika rundo lile zima ni yeye peke yake aliyekuwa ndani ya mada.

Iram ya ngano na Ubar ya mchanga

Ieleweke kwamba hatuzungumzii Kurani Tukufu, ambayo katika Sura ya Al-Fajr inaitaja Iram ya nguzo kwa maneno machache sana. Tunazungumzia ngano zilizosukwa na wasimulizi juu ya jina hilo. Katika Alfu Lela Ulela, Shaddad bin Adi anasoma habari za Pepo, anaitamani, na kuamuru ijengwe mfano wake jangwani. Ujenzi unachukua miaka 300. Anapofunga safari kwenda kuukalia mji wake, ukelele kutoka mbinguni unamwangamiza yeye na jeshi lake kabla hawajafika. Karne nyingi baadaye, Abdalla bin Abi Kilaba anaupata mji huo mtupu.

Mhubiri ataishia kwenye ukelele. Lakini hebu tuisome hadithi yenyewe. Vito na dhahabu vya Iram vilipatikanaje? Msimulizi anatueleza bila kuficha: Shaddad aliwaamuru wafalme waliokuwa chini yake wazikusanye mali kutoka machimboni, baharini na mikononi mwa watu. Kwa hiyo mji ulijengwa kwa kuyakausha masoko ya wengine. Zaidi ya hayo, katika mji huo hapana mtu aliyenunua wala kuuza kitu hata siku moja. Nguzo zipo, makasri yapo, lakini soko la watu halipo. Iram ya ngano ni ghala lililofungwa, na ghala lililofungwa halihitaji adhabu ya mbinguni ili life. Tena aliyeupata mji ule alikuwa nani? Mtu aliyekuwa akitafuta ngamia wake waliopotea. Msimulizi wa kale alijua alichokifanya: katika jangwa lile lote, mwenye haki ya kuingia mjini ni yule anayetafuta mali yake halali. Funzo la majivuno limo, hatukatai. Hata hivyo, limejengwa juu ya hesabu ya mali, na anayelitenga na hesabu hiyo anabaki na methali tu.

Ushahidi mwingine ulitufikia mwaka 1992. Kundi lililowajumuisha mtengenezaji filamu Nicholas Clapp, msafiri Ranulph Fiennes na mwanaakiolojia Juris Zarins lilitangaza kwamba limeupata Ubar, mji wa ngano ambao wengi waliufananisha na Iram. Mahali penyewe ni Shisr, katika jimbo la Dhofar nchini Oman. Picha zilizopigwa kutoka angani zilikuwa zimeonyesha alama za njia za kale za misafara. Magazeti ya Magharibi yalishangilia kana kwamba nguzo za dhahabu zimechimbuliwa. Kilichochimbuliwa ni ngome iliyozunguka maji. Ardhi ya chokaa chini yake ilikuwa na uvungu, na sehemu ya ngome ilididimia ndani ya shimo. Zarins mwenyewe baadaye alieleza kwamba jina Ubar lielekezwe zaidi kwenye eneo na watu wake kuliko kwenye mji mmoja. Mwaka 2000 UNESCO iliiingiza Shisr katika orodha ya urithi wa dunia pamoja na miti ya ubani ya Wadi Dawkah na bandari za kale za Khor Rori na Al-Baleed. Wasimulizi walituachia dhahabu. Wachimbaji walipofika walikuta kisima.

Na kisima hicho kinatueleza mengi. Ubani ni utomvu unaogemwa kwa kuukwangua mti, na mti huo hustawi katika sehemu chache za dunia, Dhofar ikiwa mojawapo. Mahekalu ya nchi zilizoizunguka Bahari ya Mediterania yaliufukiza kwa wingi. Kati ya mti na hekalu palikuwa na jangwa, na jangwa halivukwi ila kwa kutoka maji hata maji. Aliyeyashika maji aliishika bei. Baadaye mabaharia walizoea kuvuka bahari kwa pepo za msimu, ibada za mahekalu zikafifia, na mzigo ukapungua mgongoni mwa ngamia. Hapa msomaji wa pwani yetu ana sababu ya kutulia na kufikiri. Kaskazi na kusi, pepo zilizozijenga bandari zetu, ni sehemu ya mfumo ule ule wa pepo ulioipa jahazi mzigo na kuunyima msafara. Kustawi kwetu na kufifia kwao ni sura mbili za historia moja ya biashara. Ni funzo gani la majivuno litakalotuonyesha jambo hilo?

Wadi al-Uyun: mji usiokuwa na dhambi

Iwapo bado yupo anayeshuku, na amsome Abdelrahman Munif (1933–2004). Mwandishi huyu alikuwa na shahada ya uzamifu katika uchumi wa mafuta, na riwaya yake Mudun al-Milh, yaani Miji ya Chumvi, ilitoka kwa juzuu 5 kati ya 1984 na 1989. Nchi anayoisawiri ni ya kubuni na haimo katika ramani yoyote. Watawala wa Saudia hawakuhitaji ramani. Kitabu kilipigwa marufuku nchini mwao.

Juzuu ya kwanza inafunguka katika Wadi al-Uyun, bonde lenye chemchemi na mitende katikati ya ukame. Misafara hupumzika hapo. Huleta bidhaa, huleta habari za wana waliosafiri, na huondoka na vijana wengine, hasa katika miaka ambayo maji yamepungua na bonde haliwezi kuwalisha wote. Munif hatuambii kwamba watu hawa ni wema au waovu. Anatuonyesha kanuni iliyowaweka hai: idadi ya watu hupimwa kwa maji, na safari ndiyo inayosawazisha mizani. Kisha wanakuja Wamarekani. Inasemwa wamekuja kutafuta maji. Wanachokitafuta ni mafuta. Mashine zinaing'oa mitende, wakazi wanatawanywa, na Miteb al-Hathal, aliyepinga tangu mwanzo, anapanda ngamia wake na kutoweka.

Sasa tumwulize mhubiri: Wadi al-Uyun ilitenda dhambi gani? Haikujivuna, haikuabudu sanamu, haikujenga pepo ya bandia. Hapa mfumo wake wote wa tahakiki unakosa pa kuingilia. Tena Munif hasiti kuonyesha kwamba gurudumu halikomi kuzunguka. Akoub, dereva wa lori kati ya Ajra na Harran, anaichukua kazi iliyokuwa ya msafara. Muda si muda magari mapya ya kampuni yanamwondoa yeye pia. Mrithi wa ngamia naye akarithiwa.

Itafaa tutaje hapa kosa la pili, ambalo ni ndugu wa lile la kwanza. Mwaka 1988 mwandishi wa Marekani John Updike aliihakiki tafsiri ya juzuu hiyo katika jarida la The New Yorker, akalalamika kwamba Munif hakuwa ameathiriwa na Magharibi kiasi cha kutosha kutunga kitu kinachostahili kuhisiwa kuwa riwaya. Alimtafuta shujaa mmoja wa kumfuata, asimpate. Amitav Ghosh, katika makala yake ya mwaka 1992, alimjibu kwa hoja nzito. Sisi tunaongeza hoja moja. Mhubiri anatafuta mkosaji mmoja, na Updike anatafuta shujaa mmoja. Wote wawili wanatazama nyuso za watu binafsi, na wote wawili wanakipita kisima bila kukiona. Katika riwaya ya Munif mhusika mkuu ni bonde, na mgogoro mkuu ni wa nani ataamua litumiwe vipi.

Tukirudi nyumbani

Haya si mambo ya Arabuni pekee. Katika Adili na Nduguze, Shaaban Robert aliichukua ngano ya Alfu Lela Ulela kuhusu mji ambao watu wake waligeuka mawe, na akambakisha Mwelekevu akiwa hai peke yake. Tumefundisha kisa hicho kama onyo la kidini, basi. Hatujawauliza wanafunzi kwa nini wanaoufikia mji huo ni wafanyabiashara, na kwa nini ndugu wa Adili wanaharibikiwa pale mtaji na faida vinapoingia kati yao.

Chukua tena Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir. Mshairi anauasa moyo wake mwenyewe, na dhamira yake ya kidini haina shaka; anayeikana anaikana lugha yenyewe ya utenzi. Hata hivyo, ni vitu gani anavyoviorodhesha katika nyumba za Pate zilizobomoka? Taa, vyombo vya kaure katika zidaka, anasa za kila aina. Vingi vya vitu hivyo vilishushwa na majahazi. Kwa hiyo orodha ya huzuni ni orodha ya forodhani vilevile, na Pate iliyoliliwa ilikuwa imedhoofishwa na ugomvi wa ndani na ushindani wa majirani wake. Kuliona hili hakumpunguzii mshairi uchaji wake. Kunatuonyesha jinsi alivyoujua uzito wa kila kitu alichokikataa.

Hoja za wapinzani

Najua nitakavyojibiwa. Kwanza, itasemwa kwamba ninaigeuza fasihi kuwa somo la uchumi. La hasha! Simtaki mwanafunzi alete takwimu kutoka nje. Namtaka asome kilichomo ndani: amri ya Shaddad, ngamia waliopotea, mitende iliyong'olewa, kaure katika zidaka. Hayo ni maneno ya watunzi, na kuyaruka ndiko kuidhulumu fani.

Pili, itasemwa kwamba nchi ya kubuni haifungwi na hesabu za maji na bei. Hoja hii ina uzito kidogo. Mtunzi ana uhuru wa kuumba mito chini ya makasri. Lakini anapoutumia uhuru huo, ametuambia jambo: ameamua kuificha kazi ya wachota maji. Mhakiki ana wajibu wa kuuliza kwa nini, na kwa faida ya nani.

Hitimisho

Tunalopendekeza halihitaji nadharia mpya wala fedha za utafiti. Katika mitihani yetu, swali la funzo lisiwe la kwanza. Litanguliwe na mengine matatu: watu wa mji huu waliishi kwa nini, nani aliwahudumia, na ni nini kilichobadilika kabla ya anguko? Atakayeyajibu hayo kwa ushahidi wa matini atalifikia funzo akiwa amelilipia.

Mwanafunzi niliyemkata alama alihitimu na kuondoka, na alama zake siwezi kumrudishia. Swali lake nimeliweka kuwa la kwanza katika kozi yangu. Wenzangu wanaoona nimepotoka nawaomba wajibu katika kurasa hizi hizi, mradi waanze kwa kutuambia kisima kilikuwa cha nani.