TAHARIRI: KURA YA MCHACHE NAYO IHESABIWE



Kila baada ya uchaguzi wenye ubishi huzuka swali: kwa nini Kenya isiige Marekani, ambako rais huchaguliwa na wajumbe 538 waliogawiwa majimbo, na anayepata 270 ndiye mshindi? Wenye hoja hiyo hutumaini kwamba makabila makubwa hayatayalemea madogo tena. Sisi tunaipinga.

Katika majimbo 48 ya nchi ile, anayeongoza hata kwa kura moja huchukua wajumbe wote wa jimbo. Ni Maine na Nebraska pekee zinazogawa baadhi yao kwa maeneo ya ubunge. Ndiyo maana mwaka 2016 Hillary Clinton alimzidi Donald Trump kwa kura karibu 2,900,000, na bado akaukosa urais. Uzito wenyewe pia si sawa: Wyoming, yenye watu wasiofika 600,000, ina wajumbe 3, ilhali California yenye watu zaidi ya 39,000,000 ina 54. Hapa kwetu, mvuvi wa Luanda Kotieno akivuka kwa feri hadi Mbita, akahamia na kujiandikisha huko, ametoka kaunti ya Siaya akaingia Homa Bay, na kura yake ya urais imebaki ile ile moja.

Sheria yetu haikuanza vyema. Mwaka 1992 mshindi alitakiwa kupata asilimia 25 ya kura katika mikoa isiyopungua 5 kati ya 8, wala hakudaiwa nusu ya kura zote. Moi akarejea Ikulu kwa takriban asilimia 36; Matiba, Kibaki na Jaramogi walikuwa wamegawana zilizobaki, na matunda ya ukaidi ule tuliyala sote. Ibara ya 138 ya Katiba ya 2010 ikaliziba pengo: zaidi ya nusu ya kura zote, pamoja na asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti 47, yaani 24. Ni kweli Lamu huhesabiwa hapo sawa na Nairobi, lakini hilo ni sharti la nyongeza tu. Haliongezi wala kupunguza kura ya mtu.

Sasa tuambiane ukweli. Huku ufuoni, anayempigia kura mtu asiye wetu huitwa msaliti, wakati mwingine na watu walioketi naye kanisani asubuhi ile ile. Kwa mfumo wa Marekani kura yake ingezama papa hapa Siaya. Kwa Katiba yetu inafika katika jumla ya taifa, kama inavyofika ya Mjaluo anayeishi Nyeri au Eldoret, ambaye usalama wake tunaudai kila mwaka wa uchaguzi.

Kabla ya Agosti 2027, makanisa yetu yawalinde mawakala wa vyama vidogo ndani ya vituo vya ufuoni, nayo fomu 34A ibandikwe mlangoni ikiwa na kura zao zote, hata zikiwa 3.