Safari ya wiki: barabara inayozunguka Islandi

Wiki hii tunasafiri kwa ramani, kwa sababu nauli ya kweli hatuna. Waiteni watoto. Watafute Ulaya, wapande kaskazini, wapite Norwe kwenda magharibi: kuna kisiwa peke yake katikati ya bahari. Ndiyo Islandi. Wenyeji wake hawafiki laki 4. Treni hakuna. Kuna barabara namba 1, inayokizunguka kisiwa chote, zaidi ya kilomita 1300.

Tutoke Reykjavík, mji mkuu, tushike njia ya mashariki, bahari ikiwa mkono wa kuume. Tunafika kwanza Seljalandsfoss, fasi maji yanaanguka mita 60 kutoka juu ya mwamba. Kuna njia ya miguu inayopita nyuma ya maji yenyewe. Unalowa, lakini unapita. Mbele ni kijiji cha Vík, chenye mchanga mweusi. Sisi tuliozoea mawe ya Nyiragongo hatushangai: nao ni mawe ya volkano, bahari imeyasaga. Lakini watoto washikwe mkono, maana pwani ya Reynisfjara mawimbi hupanda ghafla, na yamekwisha kuua wageni.

Baada ya hapo milima inasogea nyuma na tunaingia Skeiðarársandur, uwanda mkubwa wa mchanga na changarawe. Juu yake kuna Vatnajökull, mlima wa barafu, na chini ya barafu hiyo kuna volkano. Moto ukiamka, barafu inayeyuka, maji yanashuka kwa nguvu na kubeba kila kitu. Kwa hiyo hapa ndipo barabara ilikatikia miaka mingi. Watu wa Höfn, mji wa upande wa pili, wakitaka kwenda Reykjavík kwa gari walizunguka kaskazini yote, karibu mara mbili ya mwendo.

Pesa za madaraja zilitoka wapi? Serikali iliwakopa wananchi wake. Iliuza hati, kila hati na namba yake ya bahati nasibu. Pesa ya mtu ingerudishwa baadaye, na mwenye bahati angepata zawadi juu. Ni kama likelemba yetu, ila ya nchi nzima. Mwaka 1974 daraja la Skeiðará, lenye mita 904, lilifunguliwa, na mzunguko ukatimia.

Mwaka 1996 volkano ikaamka chini ya barafu. Tarehe 5 Novemba maji yalishuka. Daraja moja la mita 376 lilikwenda lote, na lile refu likavunjika sehemu. Hakuna aliyekufa, kwa sababu wataalamu walikuwa wanaangalia na barabara ilikuwa imefungwa. Kabla mwezi huo haujaisha, magari yalikuwa yanapita tena. Vyuma vilivyopindwa na maji wameviweka kando ya barabara, kila msafiri avione.

Tumewapeleka mbali hivyo kwa sababu ya neno lililosemwa kwenye mkutano wetu wa Jumamosi: « Kajadaraja ketu kamebebwa mara mbili, kutoa tena ni kutupa pesa mtoni. » Tunaelewa uchungu wa aliyesema. Pia ni kweli kwamba barabara ni kazi ya serikali, nasi tusiache kuidai. Lakini mvua zinakaribia, na kati yetu kuna wenye mimba watakaohitaji kufika materniti usiku.

Wale wa Islandi walijua maji yatarudi, wakajenga. Yaliporudi, wakajenga tena. Ila kila aliyetoa alikuwa na karatasi mkononi. Sisi mara ya kwanza na ya pili tulichanga bila daftari, na hapo ndipo roho zilipochoka, zaidi ya mto wenyewe. Tunapendekeza hivi: daftari moja, majina na franka za kila mmoja, isomwe kwa sauti kila Jumamosi, na shefu wa kartie aweke sahihi. Na mtu mmoja awe anaangalia mto mvua ikinyesha, awazuie watoto kuvuka.

Jumamosi mje na neno lenu. Watoto walete ramani, kisiwa wakiwa wamekichora wenyewe.