Mtoto Aliyelazwa Naye Ana Sikukuu Yake

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar.

Mheshimiwa,

Naomba idhini yako nikuletee hadharani ombi ambalo, kwa kuwa linawahusu watu wadogo wasioweza kujiandikia barua, aghalabu hukosa mtu wa kulifikisha panapostahiki. Nalo ni juu ya watoto ambao mwezi wa Idi huwaandamia wangali vitandani, Unguja na Pemba.

Sina haja ya kukueleza Idi ni nini kwa mtoto wa visiwa hivi. Tangu alfajiri huogeshwa, akavishwa nguo iliyotoka kwa fundi usiku wa manane, akanywa chai kwa tambi na mkate wa kumimina, kisha akafuatana na nduguze nyumba kwa nyumba kutoa mkono wa Idi na kupokea shilingi zake, ili jioni, huko Maisara au Kariakoo, azitumie apendavyo, naye kwa siku nne za sikukuu awe ndiye mwenye mali na mwenye amri. Aliyelazwa huyakosa yote hayo kwa mkupuo mmoja, na linalomuuma zaidi si pilau wala peremende, bali kule kutohesabiwa miongoni mwa wenziwe.

Wahisani huja wadini siku hizo na maboksi ya juisi na wanasesere, Mwenyezi Mungu awalipe kheri. Walakini ziara yao huwa fupi, picha zikapigwa, pengine bila hata ya mzazi kuulizwa, na mtoto akabakia na mwanasesere asiye na wa kucheza naye. Ninachokuomba mimi si hidaya. Nakuomba ndugu zake waruhusiwe kuingia.

Jambo hili lina historia. Mwaka 1952, huko Uingereza, mtafiti James Robertson alionyesha filamu ya mtoto wa kike wa miaka miwili aliyelazwa siku nane mbali na mamaye. Na wale waliozoea kudhani kuwa mtoto aliyenyamaza ni mtoto aliyetulia, wakaona kwa macho yao kuwa unyamavu ule ulikuwa huzuni. Miaka saba baadaye, mwaka 1959, kamati iliyoongozwa na Sir Harry Platt ikapendekeza wazazi waruhusiwe kuwaona watoto wao bila ya kubanwa na saa, na watoto wenyewe wapatiwe michezo. Sisi hilo la mama tunalo tangu hapo, kwani kwetu mama hulala na mwanawe wadini. Anayezuiliwa langoni ni kaka wa miaka tisa na dada wa miaka sita, na hao ndio Idi yenyewe.

Najua kuwa hawazuiliwi kwa inda. Surua na tetekuwanga huingia na mgeni mdogo kwa wepesi, na mtoto mwenye saratani ya damu, ambaye dawa zimempunguzia kinga, homa ya mwenziwe yaweza kumhiliki. Lakini muuguzi mmoja mlangoni, akiuliza habari za homa, akitazama vipele na kuwaosha mikono, ataweza kuwapitisha wengi na kuwarejesha wachache. Na wagonjwa wanaoweza kutoka wakutane na jamaa zao barazani, penye hewa. Yule asiyekaribika kabisa na asalimiwe kwa simu yenye picha, kama pia mtoto wa Pemba aliyeletwa Unguja kwa matibabu, ambaye jamaa zake hawana nauli ya boti.

Nguo mpya nayo isikatazwe. Fundi aweza kushona mkono wenye kufunguka, ili dripu isiwe kizuizi. Hina, kwa maoni yangu, ipakwe miguuni, maana muuguzi huhitaji kutazama viganja na kucha ajue kama damu imepungua. Ama piko liachwe kabisa, kwani dawa za nywele zinazochanganywa humo huweza kuunguza ngozi hata ikatoka malengelenge.

Liko na la ruhusa ya kwenda nyumbani. Kwa kuwa Idi ndogo hujulikana usiku wa kuamkia, na madaktari wengi huwa wamekwisha kwenda mapumzikoni, mtoto ambaye angaliweza kulala kwao siku mbili na kurudi hubaki kwa sababu tu hapana wa kutia saini. Tafadhali orodha ya hao ipitiwe ifikapo mwezi 27 Ramadhani, na kwa Idi kubwa, siku mbili tatu kabla ya siku ya Arafa. Wauguzi watakaobaki zamu, ambao nao wamewaacha wana wao majumbani, wapewe posho yao kabla ya sikukuu, si baada yake. Na yote haya yawe kadhalika kwa watoto wa Kikristo siku za Krismasi na Pasaka.

Hapana hapa jengo la kujengwa wala mkopo wa kukopwa. Ni waraka mmoja wenye saini yako, upelekwe kwa wauguzi wakuu wa wadi zote za watoto kabla ya kumi la mwisho la Ramadhani, na nakala yake ibandikwe langoni kwa askari, maana yeye ndiye anayewarudisha watoto.

Wasalaam,
Raia wako mtiifu.