Kabla ya kuuza parseli, tengeni ya shule na ya maji



Nataka kusema juu ya namna ardhi inavyokatwa katika miji yetu ya kusini mwa Maniema. Kila mji unapopanuka, uwe Kasongo, Kabambare au Salamabila iliyojaa watu kwa ajili ya dhahabu ya Namoya, kazi ya kwanza ni kuchora parseli za kuuza. Uwanja wa shule, wa kituo cha afya, kisoko cha sombe na mawese, njia ya kushuka chemchemini, hayo hukumbukwa watu wakiisha kujenga. Wakati huo kinachobaki mara nyingi ni kipande ambacho hakuna aliyekitaka, bondeni panapojaa maji au nje kabisa ya makazi. Huu ni uonevu kwa mtu anayetembea kwa miguu, na kwetu wengi tunatembea kwa miguu.

Chukua maji peke yake. Nyumba ya watu saba wakitumia lita 20 kila mmoja, kiasi ambacho wataalamu wa afya hukihesabu kuwa cha chini, inahitaji bidoni saba kwa siku. Chemchemi ikiwa kilomita moja kutoka nyumbani, hizo ni kilomita 14 za kwenda na kurudi, nusu yake mtu akiwa na kilo 20 kichwani. Ikiwa mita 300, ni kilomita nne na kidogo. Tofauti hiyo ya karibu kilomita kumi hailipwi na mchora ramani. Inalipwa na mama na binti zake, kwa saa za shamba na saa za masomo. Tunalalamika kwamba wasichana wanachelewa shuleni, na tangu 2019 tumefurahi kuona shule za msingi za Serikali zimefanywa bure, lakini mtoto aliyeanza siku yake na bidoni mbili kisha akatembea kwenda darasani ameisha kulipa ada nyingine.

Ushahidi mkubwa zaidi kuhusu madhara ya umbali ulitoka hapa hapa kwetu. Kuanzia mwaka 1971, madaktari na wauguzi wa Kasongo pamoja na Chuo cha Tiba ya Tropiki cha Antwerpen walianza kupanga vituo vya afya vidogo, kila kimoja kwa watu wapatao 10,000, badala ya kumngoja kila mgonjwa hospitalini. Waliandika kwa makini walichokiona. Aliyekaa mbali na kituo alikitumia mara chache kuliko jirani yake wa karibu, hata dawa zikiwa zile zile na muuguzi yule yule. Na penye kituo karibu, watu walipungua kulazwa hospitalini kwa maradhi ambayo kituo kinaweza kuyatibu. Kazi hiyo ilijulikana duniani wakati mkutano wa Alma-Ata wa 1978 ulipozungumzia afya ya msingi, na ikasaidia kuzaa mpango wa zoni za afya unaotumika nchi nzima hadi leo. Inaniuma kwamba fundisho lililotoka Kasongo limeingia katika ramani za afya za Kongo yote, na bado halijaingia katika ramani za kartie zetu wenyewe.

Umbali huu haukuja wenyewe. Katika miji mikubwa ya Kongo ya Mbelgiji, kama Elisabethville ambayo leo ni Lubumbashi, makao ya Wazungu na yale ya wenyeji yalitengwa kwa ukanda mtupu wa mamia ya mita, kwa kisingizio cha mbu wa malaria. Ofisi na maduka makubwa yakawa upande mmoja, watu walio wengi upande wa pili. Wakoloni waliondoka, lakini desturi ya kuweka huduma zote mahali pamoja, na watu popote, tumeirithi.

Nitaambiwa kwamba mambo ya mji wa dakika 15, yaani mji ambao mahitaji ya kila siku hufikiwa kwa dakika 15 kwa miguu au kwa baiskeli, aliyoyaeleza mtaalamu wa miji Carlos Moreno na ambayo Anne Hidalgo, meya wa Paris wakati huo, aliyafanya sera mwaka 2020, ni ya miji yenye metro. Mimi naona yanatuhusu zaidi sisi, kwa kuwa mtu wa Paris akikosa duka mtaani kwake hupanda gari moshi, lakini mama wa Kabambare mwenye uchungu wa uzazi usiku wa mvua hana cha kupanda. Pikipiki zipo, ndiyo, ila esansi inatoka mbali na bei yake inapanda kila barabara inapokatika. Wengine watasema hatuwezi kuweka muuguzi katika kila avenii. Ni kweli, na sitaki hivyo. Kituo kimoja kinatosha kartie kadhaa na soko kuu libaki mahali pake. Linalopaswa kuwa karibu kabisa ni bomba au chemchemi, shule ya msingi, na mahali pa kununulia chakula cha siku.

Fedha je? Kutenga ardhi hakuhitaji saruji. Kwa sheria ya 20 Julai 1973 ardhi ni mali ya Serikali, na kabla haijamkabidhi mtu inaweza kuiweka kando bila kumlipa yeyote. Ikiisha kumkabidhi, lazima imfidie ndipo imwondoe, na hapo gharama inakuja kweli. Zaidi ya hayo, mpango wa maendeleo wa teritware 145, ambamo Kabambare na Kasongo zimo, unajenga shule na vituo vya afya. Jengo jipya likiwekwa mahali pasipofaa, litakaa hapo miaka 40.

Ninachoomba kwa wakuu wa teritware, kwa machifu na kwa majeometri ni hiki: asikate mtu parseli moja zaidi katika kartie mpya mpaka ramani yake ibandikwe mahali pa wazi, parseli za shule, maji, soko na afya zikiwa zimepakwa rangi yao, na wakaaji waitwe, wanawake wakiwemo, wazione na kuzipinga kama ziko mbali.

Mkaaji wa Kabambare