Saki ya mgongo mu ndege: kilo ni za nani?

Mwaka 2025 umetuachia mafundisho mawili juu ya ndege. La kwanza lilitokea hapa kwetu. Tarehe 17 Novemba, ndege iliyomleta waziri wa mines Louis Watum Kabamba kutoka Kinshasa ilitoka nje ya pisti ya Kolwezi na kuwaka moto. Alikuwa anakuja kwa ajili ya msiba wa Kalando, kwenye daraja lilivunjika na kuua wachimbaji zaidi ya 30. Mu ndege ile watu wote walitoka wazima. La pili ni bateri. Tarehe 28 Januari, ndege ya Air Busan iliungua kule Korea ya Kusini, na wapelelezi wakaona kama moto huenda ulitoka ku pawabanki, ile bateri ya kuchajia telefone. Kisha pale makompani ya ndege yakaanza kukaza masharti.

Mambo haya yanatugusa. Siku hizi mfanyakazi anatumwa formation, mgonjwa anapelekwa hospitali ya mbali, mtoto anaenda kusoma. Wengi wanauliza: ninunue saki gani ya kuingia nayo mu ndege? Jibu langu: usianze na uzuri wake, anza na mizani.

Ku Lubumbashi, Ethiopian Airlines inakubali mu kabini saki moja ya kilo 7. Kenya Airways inakubali kilo 12. Kipimo cha kawaida ni karibu centimètres 55 urefu, 40 upana, 23 unene. Sasa tupige hesabu. Valizi ndogo ya magurudumu, ingali tupu, inaweza kufika kilo 3. Ku kilo 7, unabakia na 4. Saki ya mgongo ya kitambaa kigumu, ya litre 30 ao 35, iko na kilo 1 tu. Unabakia na 6. Kilo 2 hizo ni nguo za siku tatu na dawa. Njo maana, kwa mtu wetu, saki ya mgongo inashinda valizi. Angalia ufungo unaotembea bila kukwama, angalia mishono ya mikanda pale inaposhikana na mgongo, chagua ile inayofunguka yote sawa valizi. Mifuko mingi ya nje inakuvuta tu kujaza. Halafu pima nyumbani. Mchimbaji anayeuzisha ku Musompo anajua: usipopima mwenyewe, mwenye mizani anapima kwa faida yake.

Lakini saki nzuri haitoshi. Kunaweza kutokea hivi: kabini imejaa, na ku mlango wa ndege wanakamata saki yako, wanaitia mu tumbo la ndege pamoja na mizigo mikubwa. Mara nyingi ni ndege ndogo, zenye nafasi kidogo ya juu. Pale njo hatari mbili zinakutana.

Hatari ya kwanza ni pawabanki. Sheria ya ndege inakataza kuitia mu tumbo la ndege, kwa sababu ikiwaka kule hakuna mtu wa kuizima haraka. Mu kabini inaruhusiwa mpaka wattheures 100. Yenye kuandikwa 20.000 mAh iko karibu 74, inapita. Ya 30.000 iko karibu 111, unapaswa kuomba ruhusa ya kompani ya ndege. Isiyo na maandishi, wanaweza kuikamata. Emirates, tangu 1 Oktoba 2025, inaruhusu moja tu kwa mtu, na huruhusiwi kuitumia mu ndege. Wale wanaoenda Dubai kununua vitu wajue. Bateri nyingi za telefone ziko na cobalt ndani, na cobalt nyingi ya dunia inatoka mu udongo wetu. Basi sisi wa kwanza tujue namna ya kuibeba.

Hatari ya pili ni makaratasi. Kwa safari za nchi na nchi, Mapatano ya Montréal yanakupa haki: mzigo ukiharibika, andika malalamiko mbele ya siku 7; ukichelewa, mbele ya siku 21 tangu ulipoupata; usipofika kisha siku 21, unaweza kudai kama umepotea. Malipo yana mpaka, karibu dola 2.000. Hiyo inalipa nguo. Hailipi radio ya mapafu ya miaka kumi iliyopita, wala kontra ya zamani, wala dosie ya maladie professionnelle. Mfanyakazi akipoteza ile karatasi, kompani itamwuliza ushahidi, na hatakuwa nao.

Kwa hiyo, ndani ya saki tia kasakoshi kadogo ka kuvaa: kitambulisho, passeport, dosie ya mganga, dawa, telefone, pawabanki. Wakikamata saki, unatoa kasakoshi, unavaa ku kifua. Na ndege ikiwaka, unakimbia na kale kalikuwa ku mwili tu. Saki inabaki. Ku Haneda, kule Japani, tarehe 2 Januari 2024, watu 379 walitoka wazima mu ndege ya Japan Airlines iliyoungua yote, mizigo waliacha. Anayesimama kuvuta saki anafunga njia ya mama na mtoto walio nyuma yake.

Jambo la mwisho ni la sendika. Bote, kofia na mavazi ya usalama ni vyombo vya kazi. Kompani ikikutuma na vyombo vile, kilo zile ni zake, hazipaswi kula kilo zako 7, wala kukutoa dola mu mfuko ku uwanja wa ndege. Mbele ya kutia sahihi ku ordre de mission, soma kama imeandika kilo za mizigo na nani analipa zinazozidi. Kama haikuandikwa, mwone delege wako wa sendika siku ile ile, mbele ya tike kununuliwa. Ukisha kufika ku mizani ya uwanja, hakuna tena wa kubishana naye.