Uingereza yazima mitambo ya redio iliyonena kwa sauti moja

HATUA ya kituo cha Absolute Radio kuzima mitambo yake ya masafa ya kati (AM) mnamo Januari 2023 haikuzua kelele nyingi nchini Uingereza. Hata hivyo, ilikuwa dalili kwamba mfumo uliotumikia taifa hilo tangu Vita vya Pili vya Dunia unaelekea ukingoni.

Kituo hicho, kilichoanza mwaka 1993 kwa jina la Virgin Radio, kilisikika sehemu kubwa ya nchi kwenye kilohezi 1215. Haikuwa kazi ya mtambo mmoja. Mitambo mingi iliyotapakaa ilirusha matangazo yale yale katika masafa yale yale.

Kwa kawaida, mitambo miwili ikitumia masafa mamoja huvurugana. Ikitofautiana kwa hezi moja tu, sauti hupanda na kushuka kila sekunde. Dawa yake ni kuilandanisha, yaani kuhakikisha mawimbi yake yanakwenda kwa mwendo mmoja kwa kutumia saa za usahihi mkubwa.

Hata hivyo, dawa hiyo haiponyi kila mahali. Pale mawimbi ya mitambo miwili yanapokutana yakiwa na nguvu sawa, sauti huharibika. BBC Radio 5 Live ilipewa masafa mawili, kilohezi 693 na 909, hivyo aliyekosa sauti safi huku aliweza kujaribu kule.

Ikumbukwe kuwa mbinu hii ilipata umuhimu wa kipekee Septemba 1939. Serikali ilihofia kwamba marubani wa Ujerumani wangetumia mitambo ya redio kujua waliko angani. BBC iliunganisha vipindi vyake kuwa idhaa moja na kuilandanisha mitambo, ili adui asitambue mawimbi yametoka wapi. Ndege zilipokaribia, mtambo wa karibu ulizimwa, na wananchi wakaendelea kusikia, japo kwa sauti hafifu, kupitia mitambo ya mbali.

Leo adui ni gharama. Mitambo ya AM hula umeme mwingi, ilhali wasikilizaji wengi wamehamia redio za kidijitali na intaneti. BBC ilifunga Radio 4 kwenye masafa ya kati Aprili 2024, na ikatangaza kuwa 5 Live itafuata kabla ya mwisho wa 2027.

Kihesabu, uamuzi huo una mantiki. Lakini hesabu ya umeme si hesabu ya usalama. Novemba 2021, kimbunga Arwen kilikata umeme katika takriban nyumba milioni moja nchini humo, baadhi kwa zaidi ya wiki moja. Mtandao wa nyumbani hauwezi kufanya kazi bila umeme. Redio ndogo ya AM, kwa upande wake, hudumu kwa siku nyingi kwa betri chache.

Wanaounga mkono ufungaji husema stesheni za mitaa za BBC zingali zinasikika kwenye FM. Hoja hiyo ina uzito, ila FM nayo haitadumu milele, na mawimbi yake huzuiwa na milima kwa urahisi kuliko ya AM.

Kwa hivyo, swali si kama AM ifungwe au isifungwe. Swali ni nani atakayesikika siku ya dhiki, umeme ukiwa umepotea. Mwaka 1939 jibu lilipatikana kabla ya ndege za adui kufika. Jibu la leo linafaa kutolewa kabla ya mtambo wa mwisho kuzimwa, kwani mlingoti ukishabomolewa, kuusimamisha tena ni kazi ya miaka.